Huyu Mzee Anasema Nini? Somo la Kugeuza Riwaya Kuwa Baleti

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kundi iliyoonekana nyepesi: chagueni riwaya ya mapenzi yenye mwisho mbaya, mtoe onyesho la dakika kumi bila kutamka neno hata moja. Hakuna mazungumzo, hakuna msimulizi wa pembeni. Mwili na muziki, basi. Kundi letu lilikuwa la watu sita. Tukachagua riwaya ya Kifaransa ya Alexandre Dumas mdogo, La Dame aux Camélias, yaani Bibi wa Maua ya Kamelia, iliyotoka mwaka 1848. Kusema kweli hatukuichagua kwa usomi. Ni fupi, na mmoja wetu alikuwa nayo kwenye simu kwa Kiingereza.

Jaribio la kwanza lilituaibisha. Kuna sehemu ambapo baba wa kijana anamwendea mwanamke na kumsihi aachane na mwanawe. Mwenzetu aliyecheza baba alinyoosha kidole, akagusa kidole cha pete, akaonyesha kwa kiganja kimo cha msichana, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole tena. Mhadhiri akaligeukia darasa: "Huyu mzee anasema nini?" Mmoja akajibu kwamba anadai mahari. Mwingine akasema anatafuta mtoto aliyepotea. Darasa zima likaangua kicheko. Na sisi tulicheka, lakini moyoni tulijua tumefeli.

Makala haya ni kwa ajili yenu mtakaopewa kazi kama ile, na hata kwa wale wasiosoma sanaa lakini waliwahi kujiuliza kwa nini filamu ya kitabu wanachokipenda iliwaudhi. Baada ya aibu ile nilikaa maktaba wiki mbili nikifuatilia jinsi magwiji walivyoigeuza riwaya hiyohiyo kuwa baleti. Nimetoka na maswali matatu. Kabla ya kuyafikia, kisa chenyewe.

Kisa kwa ufupi

Marguerite Gautier ni mwanamke mrembo wa Paris anayetunzwa na wanaume matajiri. Kwa lugha ya hosteli zetu angeitwa mdangaji, na mjadala ungefungwa hapohapo. Anaugua kifua kikuu na anajua hana miaka mingi. Armand Duval, kijana wa familia ya heshima asiye na fedha nyingi, anampenda kwelikweli, naye Marguerite anampenda. Wanahamia nje ya mji. Siku moja, Armand akiwa hayupo, baba yake anamwendea Marguerite na kumweleza kwamba uhusiano huu utavunja ndoa ya binti yake, dada wa Armand, kwa sababu wakwe hawataki kashfa. Marguerite anakubali kuondoka. Hamwelezi Armand sababu. Anarudi kwa matajiri wake, na Armand anaamini amesalitiwa kwa ajili ya pesa. Analipiza kwa kumdhalilisha, kisha anasafiri mbali, hadi Alexandria kule Misri. Marguerite anakufa bila kumwona tena. Ndipo Armand anapata kurasa alizomwandikia na kuujua ukweli.

Nyuma ya kisa hiki kuna mtu aliyeishi kweli, Marie Duplessis, aliyefariki Februari 1847 akiwa na miaka 23. Dumas alikuwa mpenzi wake. Waliachana mwaka 1845, na alipokata roho Dumas hakuwepo. Vitu vyake vilipigwa mnada, na riwaya inaanzia kwenye mnada kama huo. Mwaka 1852 Dumas mwenyewe aliipeleka jukwaani kama tamthilia. Mwaka 1853 Giuseppe Verdi akaifanya opera, La traviata, pale Venice. Baleti ninazozizungumzia ni mbili: Marguerite and Armand ya Frederick Ashton, London, 1963, na Die Kameliendame ya John Neumeier, Stuttgart, 1978.

Swali la kwanza: nani anasimulia?

Riwaya haimpi Marguerite nafasi ya kusimulia mpaka mwishoni. Mwanzo tunamsikia msimulizi asiye na jina, aliyenunua mnadani kitabu kilichokuwa cha marehemu. Kisha Armand anamtafuta mtu huyo na kumsimulia habari zake. Zile kurasa za Marguerite zinafuata baadaye kabisa. Kwa hiyo tunadanganyika pamoja na Armand. Tukiwa upande wake, na sisi tunamhukumu yule mwanamke.

Sisi tulikiuka jambo hili bila kujua. Tulipanga matukio kwa mfululizo wa kalenda: wanakutana, wanapendana, baba anakuja, wanaachana, anakufa. Mtazamaji akamwona baba mapema, akajua siri kabla ya Armand. Kuanzia hapo Armand alionekana mjinga tu, na hasira yake haikumgusa mtu.

Ashton alilitatua kwa ufupi wa ajabu. Baleti yake ni ya nusu saa hivi, juu ya sonata moja ya Franz Liszt isiyokatika. Inamwanza Marguerite akiwa mgonjwa mahututi, na yote yanayofuata ni kumbukumbu zake za homa. Yaani Ashton alimnyang'anya Armand usimulizi akampa mwanamke. Aliwatungia Margot Fonteyn, aliyekuwa na miaka 43, na Rudolf Nureyev wa miaka 24, aliyekuwa amekimbia Umoja wa Kisovyeti miaka miwili kabla. Watazamaji walikuja kuwaona hao wawili, na Ashton alijua. Akafuta karibu kila mtu mwingine.

Neumeier alifuata njia nyingine. Yake ni baleti ya usiku mzima, yenye sehemu tatu, kwa muziki wa Frédéric Chopin mtupu. Inaanza mnadani: samani zimefunikwa, watu wanapita wakikagua vitu vya marehemu. Armand anaingia mbio, anaanguka, halafu anaanza kusimulia. Anayemsikiliza si mgeni asiye na jina kama kwenye riwaya. Ni baba yake mwenyewe. Mabadiliko ni madogo kwa kuyatazama, lakini yana matokeo makubwa: kijana anamwaga machozi mbele ya mtu aliyeyasababisha, naye mzee amekaa na siri yake tumboni.

Swali la pili: nini hakichezeki?

George Balanchine, mtunzi mkubwa wa baleti, anakumbukwa kwa kusisitiza kwamba katika baleti hakuna mama mkwe. Alimaanisha kwamba mwili unaweza kuonyesha upendo, hasira, woga na uchovu, lakini hauwezi kueleza kwamba huyu ni shemeji wa yule. Ukoo na mikataba vinahitaji maneno. Sasa mnaona kwa nini mzee wetu alionekana anadai mahari. Tulitaka mwili useme: "Binti yangu ana mchumba, na wakwe wametishia kuvunja uchumba." Hakuna mwili duniani unaoweza kusema hivyo.

Neumeier hakujaribu. Baada ya Armand kuzidiwa na kumbukumbu, ni baba anayekumbuka ziara ile, na sisi tunaiona kutoka kwenye dhamiri yake. Hakuna habari ya dada wala uchumba. Kinachoonekana ni mtu mkakamavu mbele ya mwanamke anayekataa, anayesihi, anayelegea. Na katikati yao anatokea Manon.

Manon ni nani? Ni mhusika wa riwaya nyingine ya Kifaransa, ya Abbé Prévost, ya mwaka 1731: mwanamke aliyependa anasa na kufia uhamishoni mikononi mwa mpenzi wake. Kile kitabu kilichonunuliwa mnadani ndicho hicho. Armand alikuwa amempa Marguerite. Katika riwaya ya Dumas ni kidokezo cha kisomi. Neumeier alikigeuza kuwa mwili. Sehemu ya kwanza ya baleti yake, Marguerite na Armand wako ukumbini wakitazama baleti ya Manon, na tangu hapo Manon anamfuata Marguerite kama kivuli. Baba anapomshinikiza, Marguerite anamwona Manon, yaani anaona vile ambavyo dunia inamwona yeye. Hahitaji kuambiwa kwamba wakwe hawamtaki. Anajijua anavyoitwa.

Hapa ndipo nilipoelewa kosa letu. Sisi tulitafsiri neno kwa ishara. Neumeier alijiuliza neno lile linamfanyia nini anayelisikia, akachezesha hicho.

Muziki nao unabeba kazi ya msimulizi. Ile sehemu ya polepole, Largo, ya sonata ya tatu ya Chopin inasikika mapema kabisa, kwenye mnada. Baadaye inarudi wapenzi wakicheza dansi yao ya furaha kule nje ya mji, Marguerite akiwa na gauni jeupe. Mtazamaji amekwisha kuisikia kwenye kifo kabla ya kuisikia kwenye mapenzi, hivyo anawatazama wakicheka huku koo limekaba. Hakuna sentensi iliyosemwa.

Swali la tatu: nani anafarijiwa?

Swali hili ndilo lililotugombanisha. Katika riwaya Marguerite anakufa bila Armand. Katika tamthilia ya 1852, iliyoandikwa na mtu yuleyule, Armand anarudi kwa wakati na kuomba msamaha, naye anafia mikononi mwake. Verdi alifuata tamthilia. Ashton naye akamrudisha Armand. Neumeier peke yake, kati ya hawa, alirudi kwenye riwaya: Marguerite anakwenda ukumbini mara ya mwisho kumwona Manon akifa na mpenzi wake, anarudi nyumbani, anaandika, anakufa mpweke. Armand anabaki na daftari mkononi.

Kundini, wavulana wanne tulitaka Armand arudi. Tulisema watazamaji watalia zaidi. Dada mmoja wa kundi akatuuliza, bila kupandisha sauti: "Akirudi, anayepata nafuu ni nani? Huyu anakufa vilevile." Tukabishana hadi mlinzi akaja kufunga ukumbi.

Nilibisha kuliko wote, na sababu yangu haikuwa ya kisanaa. Katika riwaya, baada ya usiku wao wa mwisho pamoja, Armand anamtumia Marguerite faranga 500, kama malipo ya kazi. Ashton anamfanya amvue mkufu na kumtupia pesa. Neumeier anamfanya amkabidhi bahasha mbele za watu. Nikiwa mwaka wa kwanza niliachwa na mtu bila maelezo. Nikasikia maneno ya kantini kwamba amepata mwenye gari. Boom lilipotoka nikamtumia shilingi elfu kumi kwa simu, nikafuatisha ujumbe ambao siwezi kuuandika hapa. Mwaka uliofuata nikaambiwa alikuwa ameahirisha masomo kwenda kumuuguza mama yake. Hakurudi. Kwa hiyo nilipodai Armand arudi, nilikuwa najidai mwenyewe msamaha kwa mlango wa nyuma, na nikataka darasa zima linipigie makofi.

Nadhani Dumas naye alikuwa na jambo kama hilo. Kitabu kilisema ukweli wa mtu asiyekuwepo. Miaka minne baadaye jukwaa likampa Armand nafasi ambayo mwandishi hakuipata. Simlaumu. Lakini nilikubali kwamba mwisho ule unamhurumia mwanamume kuliko mwanamke, nikapiga kura pamoja na yule dada.

Tulichofanya mara ya pili

Tulianza na mwisho: Armand ameketi na daftari, anafungua ukurasa. Baba tukamweka kwenye kiti nyuma yake, ameupa mgongo ukumbi, dakika zote kumi. Ilipofika sehemu yake hakusimama wala hakunyoosha kidole. Aligeuza kichwa tu. Marguerite akaanza kuvua mmoja mmoja vitu alivyopewa: shanga, kilemba, viatu, akiviweka chini ya kile kiti. Muziki ulikuwa uleule wa mwanzo. Safari hii hakuna aliyetaja mahari. Mhadhiri alitukata alama kwa taa na kwa kuvuta sana dansi ya katikati, na alikuwa sahihi.

Kwa wanaoanza, nashauri hivi. Kwanza andikeni kwenye karatasi mambo yote ambayo mwili hauwezi kuyasema, kisha muyafute au mtafute kinachofanya kazi yake. Pili, amueni habari inatoka kichwani mwa nani, na msichanganye. Tatu, chagueni muziki mmoja utakaorudi, na mtu ausikie mara ya kwanza mahali pabaya. Nne, mkifika mwisho, jiulizeni kwa uaminifu mnamfariji nani. Sisi swali hili lilitugharimu usiku mzima wa mabishano.

Onyesho tutalirudia kabla ya mitihani, taa zikiwa zimerekebishwa. Yule dada ndiye atakayecheza Armand. Mimi nimeomba kiti cha baba.