SOMO LA KARAKANA: CHAKI INAPOYUMBA, PIMA KABLA YA KULAUMU



Bushi ya pampu imetoka mashineni. Ukuta wake upande mmoja una milimita 5.06, upande wa pili milimita 4.94. Msimamizi anasema mkono wa fundi ni mbaya. Fundi anasema mashine ni kuukuu. Hakuna aliyepima. Somo hili linaeleza jinsi ya kupata chanzo cha kosa na dawa yake.

Kuyumba ni nini?

Chaki ni kibano kinachoshika chuma kwenye spindo ya mashine ya kukereza. Chuma kisiposhikwa katikati kabisa ya mzunguko wa spindo, huyumba. Ukikigusisha geji ya saa na kukizungusha kwa mkono, tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ndiyo kipimo cha kuyumba. Geji ikionyesha tofauti ya 0.12, chuma kimehama katikati kwa nusu yake, yaani 0.06. Ndiyo hesabu ya bushi yetu: 0.06 imezidi huku, 0.06 imepungua kule.

Kumbuka: chuma kikifungwa mara moja tu, kikakerezwa nje na ndani bila kufunguliwa, kazi itatoka sawa hata chaki ikiyumba, kwa kuwa kila kilichokatwa kimezunguka juu ya mhimili mmoja. Hasara huja unapokifungua, ukakigeuza na kukishika tena. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kupanga kazi: pande zinazotakiwa kulingana zikatwe katika mfungo mmoja.

Jinsi ya kupima

Zima umeme kwenye swichi kuu na uweke gia huru. Weka ubao juu ya reli za mashine kabla ya kushusha chaki.

1. Chaki ikiwa imetolewa, futa spindo na uipime pale chaki inapokaa. Katika mashine nzima, geji haipaswi kupita 0.01 hivi. Ikipita, kosa liko kwenye beringi au spindo imeumia. Usihangaike na chaki.

2. Futa nyuzi na uso wa nyuma wa chaki. Chembe moja ya chuma ikibanwa hapo hupindisha chaki nzima. Ondoa vinundu kwa jiwe laini la kunolea, kisha irudishe.

3. Funga shafti fupi iliyosagwa, nyoofu na ya mviringo kamili. Pima karibu na meno, halafu milimita 100 mbele. Vipimo vikiwa sawa, shafti imehama katikati lakini haikuinama. Kipimo cha mbele kikizidi, imeinama: pengine meno yamelika mdomoni, au uchafu umebaki nyuma ya chaki.

4. Legeza, zungusha shafti peke yake nusu mzunguko, kaza na upime tena. Sehemu ya juu ikihama pamoja na shafti, shafti ndiyo mbovu. Ikibaki kwenye jino lilelile, kosa ni la chaki.

Jinsi ya kusahihisha

Chaki ya meno matatu si chombo cha usahihi mkubwa. Hata iliyo mpya ya kawaida huweza kuyumba 0.05 na kupita kidogo. Usiidai isichoweza.

Kwanza toa meno, safisha mfereji wa ndani, na urudishe kila jino mahali pake: namba 1 kwenye njia ya 1, kisha 2, kisha 3. Jaribu kukaza kwa kila tundu la ufunguo. Litakaloonyesha kuyumba kudogo litie alama, na umalizie kukaza hapo siku zote.

Kwa kazi moja ya haraka, weka kipande chembamba cha shaba kati ya chuma na jino lililo upande ambako geji inasoma juu. Unene wake uwe robo tatu ya kipimo cha geji: kwa 0.12, weka 0.09. Kisha pima tena.

Kwa kazi ya usahihi tumia chaki ya meno manne, ambayo kila jino huenda peke yake. Pima meno mawili yanayotazamana. Legeza la upande wa chini, kaza la upande wa juu, ukisogeza chuma nusu ya tofauti. Kisha shika jozi ya pili. Kwa subira utafika 0.01. Kwa bushi nyingi za kipimo kimoja, meno laini yaliyokerezwa juu ya mashine yenyewe ni bora zaidi.

Mambo ya kukataa

Usigonge chaki kwa nyundo. Usitie bomba kwenye ufunguo ili kukaza zaidi. Hivyo ndivyo mfereji na meno vinavyoharibika. Usiache ufunguo ndani ya chaki hata kwa dakika moja: mashine ikiwashwa, ufunguo huruka kama risasi. Usivae glavu mbele ya chaki inayozunguka. Kazi nzito inayoyumba izungushwe polepole.

Andika ulichopima

Katika daftari la mashine andika tarehe, kipimo cha spindo, cha chaki karibu na meno na cha milimita 100. Rudia kila mwezi. Siku mfanyakazi atakapotakiwa kulipia chuma kilichoharibika, daftari hilo litamsaidia yeye na mwakilishi wa chama kuliko maneno mengi. Litamsaidia na msimamizi pia kuomba chaki mpya au beringi kwa hoja yenye tarakimu.

Zoezi: Geji inasoma 0.08 karibu na meno na 0.20 kwa milimita 100. Je, kipande cha shaba kwenye jino moja kitatosha? Eleza sababu, na useme ungeanza kusafisha wapi.