Filamu Ngapi Katika Neno Filamu? Somo la Istilahi Kutoka Meza ya Forodha

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Aghalabu methali hii hutumiwa kuhusu sifa ya mtu. Katika makala haya nitaiazima ili kuzungumzia bidhaa ambayo huundwa gizani, hufungwa gizani na kusafishwa gizani, nayo ni filamu ya kupigia picha. Swali letu ni hili: bidhaa hii ifikapo bandarini, je, Kiswahili kina jina la kuiita ambalo afisa wa forodha anaweza kulitegemea anapokadiria ushuru?

Swali hili halikunijia maktabani. Mzee mmoja wa ukoo wetu, aliyefanya kazi ya uwakala wa forodha mjini Mombasa kwa miaka mingi, aliniomba nimtafsirie sura moja ya kitabu cha ushuru ili awafunzie vijana aliowaajiri. Nilikubali kwa kiburi cha mwanafunzi wa uzamili. Nilipompelekea kurasa zangu alizisoma polepole, akavua miwani, akanena: "Mwanangu, hapa umeniandikia filamu, hapa filamu, na hapa tena filamu. Sasa kijana wangu atalipa ushuru wa ipi?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Sura ya 37 na vifungu vyake

Nchi nyingi duniani huainisha bidhaa kwa mfumo mmoja unaosimamiwa na Shirika la Forodha la Dunia. Mkataba wa mfumo huo ulitiwa saini Brussels mwaka 1983 na ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Bidhaa zimepangwa katika sura zinazohesabiwa hadi 97, na kila sura ina vifungu vya tarakimu nne vinavyogawanyika tena kuwa vifungu vidogo vya tarakimu sita. Matini rasmi ya mfumo huo ni ya Kiingereza na Kifaransa. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza tarakimu mbili zaidi, hivyo namba kamili ya bidhaa kwetu ina tarakimu nane.

Bidhaa za upigaji picha zimo katika Sura ya 37, yenye vifungu saba. Kwa muhtasari ni hivi:

37.01: mabamba na filamu bapa zenye dawa inayoathiriwa na mwanga, ambazo hazijapigwa picha.
37.02: filamu za mviringo (zilizoviringishwa) zenye dawa hiyo, ambazo hazijapigwa picha.
37.03: karatasi na vitambaa vyenye dawa hiyo, ambavyo havijapigwa picha.
37.04: mabamba, filamu, karatasi na vitambaa vilivyopigwa picha lakini havijasafishwa.
37.05: mabamba na filamu zilizopigwa picha na kusafishwa, zisizo za sinema.
37.06: filamu za sinema zilizopigwa na kusafishwa, ziwe na sauti au zisiwe nayo.
37.07: kemikali za kazi ya picha.

Msomaji ataona kuwa neno filamu linaweza kuingia katika vifungu vitano kati ya hivyo saba. Ndani ya kifungu kimoja mgawanyo huendelea. Filamu ya rangi ya milimita 35 yenye urefu usiozidi mita 30, ile iliyozoeleka katika kamera za studio, huwekwa katika kifungu kidogo cha 3702.54 ikiwa si ya slaidi. Ya slaidi huenda 3702.53. Ya rangi nyeusi na nyeupe huenda 3702.96. Filamu ya eksirei ina nafasi yake peke yake: 3701.10 ikiwa bapa, 3702.10 ikiwa imeviringishwa.

Gharama ya jina

Huenda msomaji akauliza, mgawanyo huu unamhusu nini mwanafunzi wa lugha? Unamhusu kwa sababu katika forodha jina ni fedha. Kanuni ya kwanza ya kufasiri mfumo huu inasema kuwa vichwa vya sehemu na sura ni vya kurejelea tu. Kinachoamua ni maneno ya vifungu pamoja na maelezo ya sehemu na sura. Kwa lugha yetu, hii ni kanuni ya kisemantiki iliyopewa nguvu ya sheria.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 kwa viwango vitatu vya pamoja: asilimia 0 kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, kwa baadhi ya bidhaa. Natuchukue mfano wa kubuni. Mzigo una thamani ya forodha ya shilingi 100,000. Ukiangukia kiwango cha 0, ushuru haupo. Ukiangukia 10, ni shilingi 10,000. Ukiangukia 25, ni 25,000. Kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya kwa kawaida ni asilimia 16, hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, tofauti huzidi kupanuka. Tukiacha tozo nyingine, mzigo ule ule utamgharimu mwenyewe shilingi 116,000 katika kiwango cha kwanza na 145,000 katika cha tatu. Shilingi 29,000 zimezaliwa na jina.

Fauka ya hayo, atakayeandika jina lisilo sahihi hatasikilizwa akisema kwamba lugha ilimponyoka. Tamko la forodha ni hati ya kisheria, na kosa ndani yake huleta adhabu.

Sifa bainifu

Tukitumia mbinu ya kuchanganua maana kwa sifa bainifu, vifungu vya 37.01 hadi 37.06 vinaweza kutofautishwa kwa maswali manne. Je, kitu hiki ni bamba, filamu bapa, filamu iliyoviringishwa au karatasi? Je, kimepigwa picha? Je, kimesafishwa? Je, ni cha sinema? Kifungu cha 37.02, kwa mfano, kina sifa [+filamu, +kuviringishwa, -kupigwa]. Cha 37.04 kina [+kupigwa, -kusafishwa]. Cha 37.05 kina [+kupigwa, +kusafishwa, -sinema].

Mfumo huu hautaji uzuri wa picha, jina la aliyeipiga wala bei yake ya dukani. Unachotaja ni hali ya kitu katika safari yake kutoka kiwandani hadi kuwa picha. Lugha inayotaka kuutafsiri yapaswa basi kuwa na nyenzo za kueleza hali za tendo: lililotendeka, ambalo halijatendeka, na lililofika nusu. Hapo ndipo nilipogundua kuwa tatizo langu halikuwa upungufu wa Kiswahili. Nilikuwa nimetafuta nomino mahali palipohitaji kitenzi.

Kipashio -ja- mbele ya afisa wa ushuru

Tazama miundo mitatu ifuatayo:

(a) filamu isiyosafishwa
(b) filamu ambayo haikusafishwa
(c) filamu ambayo haijasafishwa

Muundo (a) unaweza kueleweka kuwa filamu ambayo kwa asili yake haisafishwi. Muundo (b) unaeleza tukio lililopita ambalo halikufanyika, na pengine nafasi imekwisha kupotea. Muundo (c) ndio unaolingana na kifungu cha 37.04. Kipashio -ja- hakisemi tu kwamba tendo halipo. Kinasema kwamba bado linangojewa. Filamu ya kifungu hiki ni ile iliyokwisha kubeba picha isiyoonekana kwa macho, ikingoja dawa ya kuidhihirisha. Ndiyo iliyokuwa ikisafirishwa na wapiga picha kupelekwa maabara za mbali katika enzi za kabla ya kamera za dijitali. Kwa Kiswahili twaweza kuiita kwa usahihi "filamu iliyopigwa picha ambayo haijasafishwa." Wakati -li- na kikanushi -ja- vimesimama bega kwa bega na kuibainisha bila kuhitaji neno jipya hata moja.

Majina ya dukani na mtihani wake

Hata hivyo, istilahi haipimwi kwa sarufi pekee. Nilimrudia mzee nikiwa na majina manne ya filamu ambayo haijapigwa, tukayajaribu moja baada ya jingine.

La kwanza lilikuwa "filamu mpya". Tulilikataa mara moja. Filamu iliyopitwa na tarehe yake miaka kumi iliyopita bado ni ya 37.02 ikiwa haijapigwa, ingawa si mpya. Tena, kwa mtu wa mtaani filamu mpya ni sinema iliyotoka juzi.

La pili lilikuwa "filamu ghafi", ambalo ndilo nililokuwa nikilipenda kwa kuwa linasikika kitaalamu. Mzee alicheka. "Ukimwandikia afisa neno ghafi," alisema, "atadhani unaomba kiwango cha malighafi." Kweli, maadamu malighafi ndiyo iliyotengewa asilimia 0, kivumishi hicho kingeingiza dai la ushuru ndani ya jina la bidhaa.

La tatu, "filamu tupu", ndilo alilolitumia yeye na wenzake. Katika mazungumzo linatosha. Katika maandishi laweza kueleweka kuwa kikopo kisicho na kitu, au ukanda usiopakwa dawa.

Tulibaki na la nne, "filamu ambayo haijapigwa picha". Ni refu, lakini halina mlango wa nyuma. Kigezo cha ufupi katika uundaji wa istilahi kina thamani yake, ila kinapogongana na kigezo cha udhahiri mbele ya sheria, ufupi hauna budi kupisha.

Kitenzi "kuosha" nacho kilituletea kazi. Katika studio zetu mteja husema "nioshee picha" akimaanisha mambo mawili kwa pamoja: filamu isafishwe, kisha picha zitolewe kwenye karatasi. Forodha huyatenganisha mambo hayo. Filamu iliyosafishwa hubaki Sura ya 37, katika kifungu cha 37.05. Picha iliyotolewa kwenye karatasi huiacha sura hiyo kabisa na kuhamia Sura ya 49, pamoja na vitabu na vitu vingine vilivyochapishwa. Kwa sababu hiyo nimependekeza "kusafisha" kwa filamu na "kutoa picha" kwa karatasi, na "kuosha" kuachwa kwa matumizi ya mtaani, ambako hakumdhuru mtu.

Jina linapodanganya

Kuna bidhaa ambazo huitwa filamu na si filamu ya Sura ya 37, na nyingine ambazo haziitwi filamu kamwe ilhali zimo humo. Mfanyabiashara aletaye sinema kwenye diski za DVD atasema ameleta filamu. Forodha haitamkubalia, kwani diski za kuhifadhia picha na sauti zimo katika Sura ya 85. Kamera ya kutumia mara moja huja na filamu tumboni mwake; hata hivyo ni kamera, nayo huenda Sura ya 90, kifungu cha 90.06.

Kwa upande wa pili, tuangalie vitabu vyetu. Mabamba ya alumini yenye dawa ambayo wachapaji huyaita pleti, yale yanayotumika kuchapisha magazeti na vitabu vya kiada kwa mitambo ya ofseti, huainishwa katika kifungu kidogo cha 3701.30 upande wake mmoja ukizidi milimita 255. Kwa forodha ni bidhaa za upigaji picha. Maelezo ya Sura ya 37 yanafafanua kuwa dhana ya upigaji picha inahusu picha zinazoundwa kwa mwanga au mnururisho mwingine juu ya uso wenye dawa, iwe moja kwa moja au kwa njia nyingine. Kwa hiyo kifungu hiki humgusa hata mwanafunzi asiyewahi kushika kamera, anaponunua riwaya ya kutahiniwa. Humgusa pia mgonjwa katika hospitali ambayo bado hutumia filamu za eksirei.

Hitimisho

Kufikia mwaka 2022, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wameidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Wengi wetu tuliishangilia hatua hiyo, nami nikiwemo. Lakini lugha rasmi hukaguliwa mezani pa ushuru, mbele ya mfanyabiashara mdogo mwenye katoni tatu na afisa mwenye kitabu. Siku kitabu hicho kitakapoandikwa kwa Kiswahili, atakayeumizwa na neno lisilo na mipaka ni yule asiye na wakili wa kumtetea.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa Kiswahili kinaimudu kazi hiyo. Nyenzo tunazo katika mofolojia ya kitenzi. Majina mengi tunayo vinywani mwa mawakala, wapiga picha na wachapaji. Kinachotakiwa ni sisi tuondoke kwenye madawati yetu tukawaulize, kisha turudi na kuyapima majina yao kwa makini, kama mzee alivyoyapima yangu.

Maswali ya mjadala

1. Bainisha tofauti ya kimaana kati ya "karatasi isiyopigwa picha" na "karatasi ambayo haijapigwa picha". Ni ipi inayofaa kifungu cha 37.03, na kwa nini?
2. Tembelea studio au kiwanda cha uchapaji kilicho karibu nawe. Orodhesha majina kumi ya vifaa yanayotumiwa na wafanyakazi, kisha uyapime kwa vigezo vya udhahiri na ufupi.
3. Neno "filamu" lina umbo moja katika umoja na wingi. Eleza jinsi upatanisho wa kisarufi unavyoweza kuondoa utata huo katika tamko la forodha.