SOMO: DHAHABU NA KAZI YA SHURUTI



Leo tufuate safari ya dhahabu ya Nyarugusu. Mawe hutoka duarani. Husagwa kwenye karasha, huoshwa mwaloni, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mnunuzi huipeleka sokoni, kama soko la Geita lililofunguliwa mwaka 2019. Huko hupimwa, serikali hupata mrabaha wake, kisha dhahabu nyingi huenda nchi za nje.

Mzani wa sokoni hupima uzito tu. Hausemi nani alilazimishwa kuchimba. Jambo hilo hujulikana hapa hapa kijijini.

Kazi ya shuruti ni ipi? Kugawana viroba vya mawe kwa mapatano siyo shuruti, hata kama mawe hayakutoa kitu. Lakini mwenye duara akikunyang'anya kitambulisho, au akikuzuia kuondoka mpaka ulipe deni la chakula, na deni lenyewe haliishi, hiyo ni shuruti. Katiba yetu, ibara ya 25, inaikataza. Aliyemdanganya kijana na kumleta kutoka mbali ili amtumikishe amevunja sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara haramu ya binadamu.

Na watoto je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi. Kazi ya mgodini ni ya hatari. Asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi, hata akiwa mtoto wa mwenye duara. Moshi wa zebaki huharibu ubongo na figo.

Sheria hiyo inaipa halmashauri wajibu wa kulinda watoto. Nasi wananchi tunatakiwa kutoa taarifa kwa halmashauri. Tumwone mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii. Kwa habari za watoto, simu ya bure ni 116.

Wengine wanaogopa kunyimwa kazi wakisema. Basi tusiende mmoja mmoja. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Tuseme pale, na tuhakikishe imeandikwa katika muhtasari. Pia tuandike mapatano kabla ya kushuka duarani: viroba vingapi, chakula bei gani. Tuyasome ndipo tutie sahihi.

MASWALI
1. Kugawana viroba na kazi ya shuruti vina tofauti gani?
2. Mtoto wa miaka 15 anaweza kufanya kazi kwenye karasha? Kwa nini?
3. Andika mapatano mafupi ya kazi ya duarani.