Somo: Yakobo na Siku ya Mashujaa

Tarehe 25 Julai Kanisa humkumbuka Yakobo Mtume, wa kwanza wa wale Thenashara kuuawa kwa ajili ya imani (Matendo 12:2). Siku hiyohiyo Tanzania huwakumbuka mashujaa, wakiwemo waliokufa katika vita vya Kagera, 1978–79.

Baadhi yetu hapa Lalago, pamba ikiisha kuuzwa, huwatembelea ndugu Njombe na Makete. Julai kule ni baridi kali; Kitulo umande huganda majanini. Makoti twachukua. Lakini mjane wa askari, sasa bibi mzee, je, ana blanketi?

Mama yake Yakobo alimwombea mwanawe kiti cha heshima (Mathayo 20:20–21). Nani alimtembelea mwana alipouawa? Maandiko hayasemi. Sisi tukifika, tuketi na bibi jikoni penye moto, tumtaje marehemu kwa jina, tusikilize. Na blanketi tumwachie.