Maumivu baada ya upasuaji mdogo: changanya dawa kwa elimu

Wengi wetu hapa Chitete hufanyiwa upasuaji mdogo na kurudi nyumbani siku hiyohiyo: kutolewa uvimbe, kupasuliwa jipu au kutahiriwa. Ganzi ikiisha, maumivu huanza, na hapo ndipo makosa hufanyika.

Kijana mmoja alitolewa uvimbe mgongoni, akapewa vidonge vya diklofenaki. Usiku maumivu yalipozidi, ndugu zake wakamnunulia ibuprofeni kwenye duka la dawa muhimu. Akawa anakunywa zote mbili, tena bila kula. Siku ya tatu aliletwa akitapika damu, na choo chake ni cheusi kama lami. Alhamdulillah, alipona.

Je, kosa lake lilikuwa kuchanganya dawa? Hapana. Kosa ni kuchanganya dawa mbili za kundi moja. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni za ukoo mmoja. Zote huzuia kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe kwenye jeraha, lakini kemikali hizo pia hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia figo. Ukizidisha, unaongeza madhara kuliko nafuu.

Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol, haimo katika ukoo huo. Kazi yake kubwa iko kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo parasetamoli na ibuprofeni husaidiana. Mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2013 yaliangalia watu waliong'olewa magego. Katika kila 100 waliopewa dawa hizo mbili, 73 walipata nafuu ya nusu au zaidi. Waliopewa ibuprofeni peke yake walikuwa 52.

Utaratibu kwa mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi, asiye na maradhi mengine, ni huu:

1. Parasetamoli miligramu 1,000 (vidonge 2 vya 500) kila baada ya saa 6. Usizidishe vidonge 8 kwa siku nzima.
2. Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula. Ukipewa diklofenaki, acha ibuprofeni.
3. Anza kabla ganzi haijaisha, na unywe kwa saa zake siku 2 au 3 za mwanzo. Usisubiri maumivu yapande.
4. Soma maandishi ya pakiti. Dawa nyingi za mafua na kichwa zina parasetamoli au aspirini ndani yake.

Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au pumu, na mama mjamzito, wasitumie ibuprofeni bila kumuuliza tabibu. Mtoto hupimiwa dozi kwa uzito wake, na aspirini asipewe.

Ukifanyiwa upasuaji Ramadhani, usijikaze kufunga huku ukinywa dawa hizi tumbo likiwa tupu. Surat al-Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Na subira, ndugu yangu, haimkatazi mtu kujitibu.

Ukiona usaha, homa, damu isiyokata, choo cheusi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, rudi kituoni usiku huohuo.