Je, Kuitikia kwa Kichwa Huivuta Nia ya Mnunuzi?

Swali: Muuzaji wa simu alinisifia bidhaa yake huku akiitikia kwa kichwa, nami nikajikuta nikimwitikia vivyo hivyo hata nikanunua. Je, kichwa chaweza kuivuta akili?

Jibu: Chaweza, ndugu msomaji, lakini si kwa namna udhaniyo. Mwaka 1980 wataalamu Gary Wells na Richard Petty waliwavisha wanafunzi hedifoni, wakawaambia kuwa wanaujaribu ubora wa vyombo hivyo mtu awapo katika mwendo, na kwa hiyo baadhi yao watikise kichwa juu na chini, wengine kulia na kushoto, hali wakisikiliza maoni ya redio juu ya karo ya chuo. Na walioitikia wakaelekea kuyakubali zaidi maoni yale, yawe ya kuongeza karo au ya kuipunguza, kuliko waliotikisa kama wakataao.

Wengi huishia hapo, na ni hasara, kwa kuwa siri yenyewe ilidhihirika mwaka 2003, Petty na mwenziwe Pablo Briñol walipopambanua hoja madhubuti na hoja dhaifu, wakabaini kwamba kuitikia humzidishia mtu yakini katika fikra zake mwenyewe: asikiapo hoja madhubuti husadiki zaidi, bali asikiapo hoja dhaifu, akazikosoa moyoni, huzidi kuzikataa. Basi mbele ya muuzaji usihangaike kukizuia kichwa. Muulize betri yadumu muda gani, na dhamana ni ya nani, kisha uyapime majibu yake kabla hujafungua mkoba.