LAINI SI WATU: SOMO FUPI JUU YA HESABU ZA SIMU

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika mjadala mmoja wa chama chetu, msemaji wa upande wa kuunga alisimama kifua mbele akanguruma: "Mheshimiwa Spika, Kenya ina laini za simu nyingi kuliko watu. Kwa hivyo kila Mkenya ana simu!" Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu.

Nyuma yangu mwenzetu mmoja alikuwa ameinama kimya. Muhula uliotangulia alikosa basari. Ofisi moja, ambayo jina lake silitaji, ilituma ujumbe kwa simu kuwataka wazazi walete stakabadhi. Nyanya anayemlea hapa Kondele hana simu. Nambari iliyokuwa kwenye fomu ni ya jirani, naye jirani alikuwa ameshahama.

Je, msemaji wetu alidanganya? La hasha! Takwimu yake ilikuwa ya kweli. Kilichopinda ni hitimisho. Hebu tulichambue jambo hili polepole.

1. Tulikotoka

Hadi mwaka wa 1999, mambo ya simu yalikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu. Laini za waya zilikuwa kama laki tatu tu nchi nzima. Wazee wetu wanasimulia jinsi walivyopanga foleni kwenye kibanda cha simu, sarafu mkononi, huku walio nyuma wakinung'unika, "Maliza bwana, hata sisi tuna watu!" Simu za mkono zilikuwepo tangu 1993, lakini zilikuwa za matajiri.

Mwaka wa 1999 shirika hilo liligawanywa. Mwaka wa 2000 kampuni mbili, Safaricom na KenCell (ambayo leo ni Airtel), zikaanza kushindana. Zikaja kadi za kukwaruza, hata mtu mwenye shilingi 50 akaweza kununua bamba. Machi 2007 ikaja M-Pesa, na laini ikageuka kuwa pochi. Mwaka wa 2009 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa simu (ingawa ulirudishwa 2013). Agosti 2010 kampuni zikapigana vita vya bei, na gharama ya kupiga simu ikaporomoka. Hapo laini zikamea kama uyoga.

2. Hesabu yenyewe

Ili kulinganisha miaka, usitazame wingi wa laini peke yake, maana watu nao huongezeka. Chukua idadi ya laini, gawanya kwa idadi ya watu, kisha zidisha kwa 100. Nimechagua miaka mitatu ya sensa:

1999: watu milioni 28.7; laini 24,000 hivi. Jibu: 0.08 kwa watu 100.
2009: watu milioni 38.6, laini milioni 19.4 hivi. Jibu: 50 kwa watu 100.
2019: watu milioni 47.6, laini milioni 54.6 hivi. Jibu: 115 kwa watu 100.

Ajabu iliyoje! Mwaka wa 1999 watu wapatao 1,200 walikuwa na laini moja baina yao. Miaka 20 baadaye laini zimewapita watu. Hapa ndipo msemaji wetu alipoishia. Sisi tuendelee.

3. Ni nini kinachohesabiwa?

Mamlaka ya Mawasiliano huhesabu kadi za simu zilizotumika katika miezi mitatu iliyopita. Haihesabu vichwa vya watu. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza omena karibu na mzunguko wa Kondele kwa nini ana laini mbili. Akacheka: "Mwanangu, hii ni ya pesa. Hii nyingine ni ya kuongea na wale wa ufuoni, ni rahisi." Mama ni mmoja, lakini katika takwimu ni wawili! Fundi wa simu aliye kando yake ana laini tatu. Mtoto anayecheza chini ya meza hana hata moja. Hao ni watu watatu wenye laini tano, yaani 167 kwa watu 100. Lakini mmoja wao hana kitu.

4. Sensa yasemaje?

Sensa ya 2019 iliuliza swali tofauti: je, wewe mwenyewe una simu? Kati ya watu wa miaka 3 na zaidi, waliokuwa nayo ni asilimia 47.3, kama milioni 20.7. Linganisha na laini milioni 54.6! Lakini tusiruke upande wa pili na kusema kwamba nusu ya wazazi hawana simu. Hesabu hiyo ina watoto wengi ndani yake, pamoja na sisi wanafunzi ambao tukishikwa na simu bwenini tunajua yatakayotupata.

5. Tumejifunza nini?

Mwelekeo wa miaka 20 ni wa kweli, nao ni wa kujivunia. Hata hivyo, wastani humficha aliye nyuma. Anayetuma habari kwa simu pekee amewafikia wenye simu pekee. Tangazo lingebandikwa pia ukutani, au kupitia kwa mwalimu wa darasa, mwenzetu asingekosa basari yake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi ukiletewa takwimu, uliza: wamehesabu nini?

Zoezi

(a) Hesabu laini zote za nyumbani kwenu, gawanya kwa idadi ya watu, kisha zidisha kwa 100.
(b) Ni wangapi kwenu hawana laini hata moja? Habari huwafikiaje?
(c) Tunga hoja moja ya kumjibu msemaji wetu, bila kumwita mwongo.